Kochi la Mtu Mmoja

Fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, akiulizwa bei ya kochi la mtu mmoja haoni ajabu yoyote. Atauliza kitambaa gani, mbao gani na linatakiwa lini, basi. Mwingereza, ambaye lugha yake ndiyo iliyozaa neno letu "kochi", akitafsiriwa maneno hayohayo neno kwa neno atakunja uso. Kwake "couch" ni kitu kirefu cha kukaliwa na watu wawili watatu, au cha mtu mmoja kujilaza akanyoosha miguu. Kikishakuwa cha mtu mmoja kukaa wima, kina jina jingine kabisa. Ni kama sisi kuambiwa umepita msafara wa mtu mmoja. Neno lilivuka bahari, likafika kwetu, likaacha kazi yake ya zamani na kushika nyingine. Hapa likamkuta, au likakutwa na, mwenzake "sofa", na tangu hapo yamekuwa yakiishi sebule moja kama mtu na mke mwenzake: hayagombani hadharani, lakini kila moja lina chumba chake. Waliosoma ukiwauliza tofauti, wengi watakujibu kwamba hakuna, hayo ni visawe, chagua ulipendalo. Makala haya yanakataa jibu hilo. Tofauti ipo, na mzungumzaji anaifuata kila siku bila kuisoma popote. Tatizo ni kwamba tunaitafuta mahali isipokuwepo, yaani kwenye umbo la kitu.

Kuitafuta kwenye umbo si ujinga, kwa maana kuna lugha ambazo hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mwanaisimu Mfaransa Bernard Pottier, katika miaka ya 1960, alichukua viti vya nyumba za kwao ili kuonyesha kwamba maana ya neno inaweza kupasuliwa vipande vidogovidogo kama kuni. Aliorodhesha sifa: kina egemeo, kina miguu, ni cha mtu mmoja, ni cha kukalia, kina mikono. Kila jina la kiti akalipima kwa sifa hizo. Kiti cha kawaida kina egemeo na hakina mikono. Kikiongezwa mikono kinakuwa "fauteuil". Kikiondolewa egemeo kinakuwa stuli. Kikikalisha zaidi ya mtu mmoja kinakuwa "canapé". Jedwali lake likapendwa na walimu wa semantiki kwa sababu lilikuwa safi: ukijua sifa umejua jina. (Hilo "canapé", kwa wanaopenda vioja vya maneno, linatokana na neno la Kigiriki la kitanda chenye chandarua, na ndani yake mna jina la mbu. Mfaransa akikaribisha wageni sebuleni anawakalisha, kwa asili ya neno, ndani ya chandarua.)

Sasa tulete jedwali hilo kwetu. Egemeo: kochi linalo, sofa inalo. Mikono: vyote viwili vinayo. Idadi ya watu, ambayo kwa Mfaransa ndiyo ukuta kati ya jina na jina, kwetu haitenganishi chochote: tuna kochi la mtu mmoja, la wawili na la watatu, na tuna sofa ya mtu mmoja, ya wawili na ya watatu. Ulaini ni mpaka wa kweli, lakini ni mpaka unaotenga kochi na kiti, si kochi na sofa. Ukibana sana utapata tofauti moja ya umbo. Kuna yale ambayo mbao zake za mninga au mkongo zinaonekana mikononi na miguuni, na mito ya sponji imepangwa juu tu, inaweza kutolewa ikaanikwa juani. Hayo ni makochi, makochi ya mbao, wala hakuna ubishi. Kuyaita sofa inawezekana, ila ulimi unasita kidogo, kwa sababu sofa kwa wasemaji wengi ni ile ambayo fremu yake imefichwa yote chini ya kitambaa au ngozi, huoni msumari wala ubao. Kwa hiyo tunaweza kusema kila sofa ni kochi na si kila kochi ni sofa. Hatua hiyo ni nzuri, lakini haitufikishi, maana haielezi kwa nini mtu huyohuyo, akiwa amesimama mbele ya kitu kilekile kilichofunikwa chote, asubuhi akiite sofa na jioni akiite kochi.

Wengine watasema jibu liko kwenye asili ya maneno, tuchimbe mizizi. Tuchimbe basi, maana mizizi yenyewe inavutia, hata kama mwisho wake haitatusaidia kwa njia tunayoitarajia. "Couch" ya Kiingereza inatokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kulaza, nacho kimetoka kwenye Kilatini cha kuweka mahali pamoja. Ni neno la kulala. Lilipoingia Kiingereza katika Zama za Kati lilikuwa jina la kitanda. Lakini safari yake ya kuja Kiswahili ina fumbo. Maneno ya Kiingereza yenye sauti ya "au" kwa kawaida hufika kwetu na "au" yake: pauni, kaunta, blauzi, kaunti. Kwa kawaida hiyo "couch" ingetupa "kauchi". Sisi tuna "kochi", lenye "o" ileile ya koti na noti. Njia inayoeleza "o" hiyo kwa urahisi zaidi ni ya Bahari ya Hindi: Kigujarati na Kimarathi navyo vilikopa neno hilo kwa Mwingereza na vikalitamka kwa "o", na mafundi na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walikuwa wamekwisha kukita Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zamani sebule za makochi hazijaenea. Randa ya seremala ililetwa na njia hiyohiyo ya baharini, na duka na gari vivyo hivyo. Kama ni hivyo, kochi halikutoka midomoni mwa mabwana shauri. Lilitoka karakana, kwenye vumbi la mbao, kwa watu waliokuwa wakilitengeneza.

Sofa ina ukoo wa kifahari zaidi, au tuseme ukoo ulioanza kwa ufukara ukaishia kwenye fahari. Mzizi wake ni neno la Kiarabu "suffa", mahali palipoinuliwa au penye kivuli pa kukaa. Waislamu wanalijua kutokana na Watu wa Suffa, masahaba maskini wasiokuwa na makazi waliokuwa wakikaa kwenye banda la msikiti wa Mtume mjini Madina, Abu Huraira akiwa mmoja wao. Waturuki wakalichukua kwa sehemu ya sakafu iliyoinuliwa na kutandikwa mazulia na mito, Wazungu wakaliona huko katika karne ya 17, na katika karne ya 18 likawa jina la samani yenyewe, ya hariri na miguu ya kuchonga. Kutoka banda la wasio na kwao mpaka sebule ya mwenye nacho. Hapa kuna msomaji atakayedakia: basi sofa ni neno letu la Kiarabu, tulilipokea moja kwa moja, kochi ndilo la Mzungu. Inapendeza, ila sauti hazikubali. Kiarabu kikitupa silabi ya namna ile, Kiswahili hubaki na "su": sura, sufuria, sufi. "Suffa" ingekuwa "sufa". Tena kitu chenyewe, jiwe lililoinuliwa la kukalia mbele ya nyumba, pwani ilikuwa nacho na ilikuwa na jina lake, baraza; haikuwa na haja ya kuazima. Sofa ilitufikia ikiwa na "o" yake kutoka Ulaya, mtoto wa Kiarabu aliyelelewa ugenini akarudi na lafudhi ya huko. Sufi, kwa upande mwingine, ilikuwepo siku zote, ikijaza mito na magodoro kabla sponji haijafika kuifukuza.

Mizizi hiyo ingetutawala, kochi lingekuwa la kulalia na sofa ya kukalia. Hali halisi ni kinyume kabisa: neno lenye asili ya kulala ndilo tunalolitumia kwa kiti cha mtu mmoja, ambacho ukitaka kulala juu yake utaamka na shingo iliyopinda. Maneno ya vitu vya kukalia yana tabia ya kutotii asili yao. Neno la Kiajemi "diwan" lilianzia kwenye daftari na baraza la watawala. Kwa Wazungu likaporomoka likawa jina la kitanda cha kukalia, kwetu likabaki na hadhi yake, diwani wa kata. Baraza lenyewe likafuata njia ya kinyume: lilianza kama jiwe la kukalia wazee jioni, leo kuna Baraza la Mawaziri. Moja liliteremka kutoka mamlakani likawa samani, jingine lilipanda kutoka samani likawa mamlaka. Asili inaonyesha neno lilipotoka. Kazi yake ya leo inabidi kuitafuta katika midomo ya leo.

Midomo ya leo ina ushahidi wa aina mbili, na wa kwanza ni sarufi. Kochi liko katika ngeli ya li-ya: kochi limechakaa, makochi yamechakaa. Limekaa pamoja na gari, kabati, godoro, dirisha, vitu vikubwa vya nyumba ambavyo vingi vilikuja kutoka nje vikazoea. Sofa iko katika ngeli ya i-zi na umbo lake halibadiliki: sofa imefika, sofa zimefika. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ya mtihani wa kidato cha pili, lakini ina matokeo. Ukisema "wamenunua makochi", kila mtu anaelewa kwamba sebule imejaa: la watatu, la wawili, na ya mtu mmoja mmoja. Wingi wenyewe ndio seti. Ukisema "wamenunua sofa", msikilizaji hajui kama ni moja iliyowekwa ukutani au ni mzigo wa lori zima, ndiyo maana neno "seti" limeng'ang'ania sofa kuliko linavyong'ang'ania kochi. Tunasema seti ya sofa kwa sababu sofa peke yake haihesabiki vizuri masikioni. Makochi, yenye "ma" yake, hayahitaji msaada. Na hapa ndipo tofauti inapoanza kujichomoza, kwa kuwa wingi wa aina ile, wingi unaomaanisha jumla ya vitu vya nyumba, ni wingi wa mtu anayeongea akiwa ndani: makochi, mapazia, mazulia. Seti ni neno la mtu anayeuza.

Ushahidi wa pili ni maneno yanayopenda kuandamana na kila moja. Angalia matangazo ya wauza samani, yaliyochorwa ukutani au yanayotumwa kwenye simu. Sofa za kisasa. Sofa za ngozi. Sofa ya kona, ile yenye umbo la herufi L. Sofa kitanda. Kochi nalo limo, makochi ya kisasa yanatangazwa pia, lakini kadiri bei inavyopanda na picha inavyong'aa ndivyo kochi linavyoondoka na sofa kubaki. Kisha geuka, usikilize watu wakiongea majumbani. Sogeza kochi nifagie. Usipande na viatu kwenye kochi. Rimoti imeangukia ndani ya kochi. Mgeni amekuja bila taarifa, vyumba vimejaa, leo atalala kwenye kochi. Makochi yamechakaa, tumwite fundi ayavalishe vitambaa vipya. Unaweza kuingiza sofa katika sentensi hizo zote na sarufi haitalalamika, lakini nyingine zitanuka kama mtu aliyevaa suti kwenda kuteka maji. Sofa chakavu ipo, bila shaka. Ila ikishachakaa, jina lake nalo huanza kuchakaa, na mara unasikia ni kochi.

Hapa ndipo inapokaa hoja yangu. Kochi ni jina la kitu kilichokwisha kuwa cha nyumba: kimekaliwa, kimezoewa, kinasukumwa, kinafuliwa vitambaa. Sofa ni jina la kitu kinachotazamwa: kinauzwa, kinaonyeshwa, kinatamaniwa, kinasifiwa na mgeni anayeingia mara ya kwanza. Kitu kinaweza kuwa kilekile. Kinachobadilika ni mahali aliposimama msemaji. Kuna utafiti wa zamani unaosaidia kuona kwamba jambo hili si la ajabu. Mwaka 1973 mwanaisimu wa Marekani William Labov alichapisha matokeo ya jaribio lake la vyombo. Aliwaonyesha watu michoro ya vyombo vilivyofanana na kikombe, kila kimoja kikipanuka mdomo kuliko kilichotangulia, akawauliza waviitaje. Hakukuwa na mstari mkali ambapo kikombe kinakwisha na bakuli kuanza. Zaidi ya hapo, alipowaambia wafikirie kwamba ndani yake mna chakula, bakuli lilianza mapema. Alipowaambia ni kahawa, kikombe kiliendelea. Mchoro haukuguswa. Kilichobadilika ni matumizi tu, na jina likahama. Kama kikombe, chenye umbo rahisi namna ile, hakina jina lililogandamana na umbo lake, kwa nini tulitarajie hilo kwa kitu kinachojaza nusu ya sebule?

Pingamizi la kwanza litatoka Nairobi. Huku kwetu, atasema msomaji, sofa ni sofa, na mara nyingi hata hatusemi sofa, tunasema viti. Seti ya viti ya watu saba inamaanisha ile laini ya sebuleni, na ukipita Ngong Road ukaulizia viti hakuna atakayekuonyesha viti vya plastiki. Kochi analijua, pwani analisikia na vitabuni analisoma. Kwa hiyo mwandishi anachanganya tofauti ya nchi na tofauti ya maana: Mtanzania ana kochi, Mkenya ana sofa, mwisho wa habari. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake na sitaki kulipuuza. Mgawanyo wa kimaeneo upo. Ila hauwezi kuwa mwisho wa habari, kwa sababu mbili. Tanzania maneno yote mawili yanaishi mtaa mmoja, na mara nyingi mdomo mmoja, na maneno mawili yanayoishi hivyo kwa muda mrefu lazima yagawane kazi. Lugha haifugi mapacha bure. Sababu ya pili ni kwamba Kenya yenyewe inathibitisha hoja kwa njia ya mlango wa nyuma. Pale ambapo Mtanzania ana kochi kwa mazungumzo ya ndani, Mkenya ana viti. "Keti kwenye kiti" huambiwa mtoto nyumbani. Tangazo la duka litaandika sofa. Jina la ndani ni tofauti, jina la dukani ni lilelile.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: hii ni tofauti ya umri tu. Kochi ni neno la wazazi, sofa la vijana. Subiri miaka 30 utaona kochi limezikwa. Jambo kama hilo limewahi kutokea, na kwa samani hiihii. Kanada ilikuwa na neno lake, "chesterfield", ambalo wazee walilitumia kwa kila kiti kirefu laini cha sebuleni, na Wakanada wenyewe walijivunia kwamba linawatofautisha na jirani zao Wamarekani. J. K. Chambers wa Chuo Kikuu cha Toronto alikusanya majibu ya wakazi wa kusini mwa Ontario mwanzoni mwa miaka ya 1990, akayapanga kwa umri. Wenye miaka zaidi ya 80 karibu wote walitumia "chesterfield". Kila alipoteremka kwa vijana neno lilipungua, mpaka kwa wenye umri wa chini ya miaka 20 likawa la wachache mno. Wengi wao walikuwa wamehamia kwenye "couch", na "sofa" ikachukua sehemu yake. Neno la taifa zima lilikauka ndani ya maisha ya mtu mmoja. Lolote linaweza kulipata kochi. Lakini angalia hali ilivyo tofauti: "chesterfield" halikuwa na kazi yake ya pekee. Lilikuwa jina la kila kitu cha aina ile, dukani na nyumbani, na jina jingine lilipoingia lilikuta kiti kimoja chenye nafasi moja. Kochi lina nafasi yake ambayo sofa haijaitaka. Vijana wa Dar es Salaam wanaosema sofa wakionyeshana picha simuni ndio hao wanaosema wamelala kwenye kochi wakikosa kitanda. Umri unaathiri kiasi, haufuti mgawanyo.

Pengine msomaji ameanza kuhisi harufu ya tabaka hapa, na pua yake haijamdanganya. Waingereza wamelifanya jambo hili kuwa sayansi kamili ya kutambuana. Mwaka 1954 profesa Alan Ross aliandika katika jarida la kitaaluma la Helsinki kuhusu maneno yanayomtenga Mwingereza wa tabaka la juu na wengine, mwandishi Nancy Mitford akaichukua mada hiyo mwaka uliofuata akaifanya gumzo la nchi nzima, na nusu karne baadaye mwanaanthropolojia Kate Fox aliona bado mambo ni yaleyale: mwenye ukoo mkubwa husema "sofa", na anayesema "settee" amejitaja mwenyewe kwamba ametoka ngazi za chini. Kwetu sofa nayo ina hewa ya juu. Lakini tusikope tafsiri yao pamoja na neno lao. Uingereza, mtu wa tabaka la juu anasema sofa nyumbani kwake na dukani, akiwa mgonjwa na akiwa mzima. Neno linamwonyesha yeye. Kwetu mwenye nyumba ya ghorofa husema sofa akieleza aliyoiagiza kutoka Uturuki, halafu anamwambia mwanawe atoe miguu kwenye kochi. Neno halimwonyeshi msemaji ni nani. Linaonyesha, kwa dakika ile, anakitazama kitu kutoka wapi. Kwamba kukitazama kitu kwa jicho la duka kumekuwa dalili ya uwezo ni habari nyingine, na pengine ni habari mbaya zaidi.

Kuna pendekezo ambalo watu wa mpango wanalipenda, na linasikika la busara: vyombo vya lugha vigawe rasmi, kochi liwe la mtu mmoja, sofa iwe ya zaidi ya mmoja, wanafunzi wafundishwe hivyo na ubishi uishe. Tungepata jedwali la Pottier kwa Kiswahili. Naliona pendekezo hili kama kuweka uzio katikati ya njia ambayo watu wanaipita kila siku; watauruka. Watu wataendelea kusema kochi la watu watatu, kwa sababu ni maneno yanayoeleweka na hayamdhulumu mtu. Na anayedai kwamba bila mgawanyo huo biashara itavurugika, aangalie fundi anavyoandika oda. Haandiki kochi wala sofa. Anaandika tarakimu: 3, 2, 1, 1, ambazo ukizijumlisha unapata saba, yaani watu saba, kisha mbao, kisha unene wa sponji, kisha rangi ya kitambaa. Panapohitajika usahihi, Kiswahili cha karakana kimekwisha kujitengenezea chombo chake, nacho ni hesabu. Orodha za mirathi na mikataba ya kupanga nyumba yenye samani zingefaidika kuiga fundi kuliko kungoja kamusi. Maneno mawili yakaachwa huru kufanya kazi ambayo tarakimu haziwezi.

Kazi hiyo ina kikomo chake pia, na ni vizuri kukitaja. Kochi na sofa, pamoja na starehe yote iliyomo ndani yake, havijawahi kupata hata chembe ya mamlaka iliyo katika neno kiti. Tuna mwenyekiti, hatuna mwenyekochi. Watu hugombea kiti cha ubunge, na kiti cha enzi cha pwani, kile cha mpingo kilichopambwa kwa pembe, kilikuwa kigumu kwelikweli, hakina hata mto. Ugumu umebaki wa utawala, ulaini umepewa nyumba. Ndani ya huo ulaini wa nyumba ndimo kochi na sofa vinamogawana. Wala mgawanyo wenyewe haujatulia: tayari kuna wanaosema "masofa", wakilivuta neno kutoka ngeli yake na kulikalisha pamoja na makochi na makabati. Walimu wanalisahihisha. Lakini anayesema masofa, ukimsikiliza vizuri, mara nyingi hasemi ya dukani. Anasema yale yaliyoko nyumbani kwake.

Yako majumba ambapo mpaka huo unaonekana kwa macho. Samani inashushwa kutoka kwenye kirikuu ikiwa imezungushiwa nailoni, inapitishwa mlangoni kwa shida, inapangwa, na nailoni haitolewi. Wiki inapita, mwezi unapita, wageni wanakalishwa juu ya plastiki inayolia kila wakijigeuza, na wanasifu sofa. Watoto wamekatazwa kuisogelea, wanakaa chini kwenye zulia na kutazama runinga kutoka hapo. Kisha siku moja nailoni inachanika pembeni, au joto la Januari linamshinda mama mwenye nyumba, inavuliwa. Vinatandikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, kwenye egemeo na mikononi. Haipiti jioni nyingi chai inamwagika, na kutoka jikoni inasikika sauti ikiuliza ni nani aliyelichafua kochi.